Pete Nyeupe ya Mama Yadi

Ukimpa Mama Yadi mkono wa salamu, hakusalimii hapo hapo. Anaugeuza kiganja juu, anakiangalia kama mtu anayechagua samaki, ndipo anaamua. Kiganja laini anakiachia kama kitu kilichooza. Kikiwa na sugu na alama za moto, anakibana kidogo na kusema, "Haya, kaa pale." Mimi alinibana. Mdogo wangu Ouma naye alimbana, akamwambia, "Mkono ni wa fundi. Sura ndiyo ya mtu anayependa kulala." Ouma alicheka mpaka kifua kikamkaba, maana alikuwa na pumu tangu utotoni.

Jina lake analo, na kule Usenge alikoolewa wanalijua. Sisi mafundi wa mtaa wa Obunga hatukulitumia hata siku moja. Alikuwa Mama Yadi, basi, msimamizi wa yadi moja ya umma pale Kisumu, mahali ambapo mali ya serikali inakuja kufa: vitanda vya hospitali, madawati, viti vya ofisi, mapipa ya chuma yaliyoleta rangi ya barabara. Ofisi yenyewe siitaji. Ofisi haina uso wa kutemewa mate. Watu ndio wana nyuso, na wawili nitawataja: Ogutu, mkubwa wa manunuzi, na Were, muuzaji wa mapipa ya taka ya plastiki. Wakisomewa haya wajue ni wao ninaowasema. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, lakini jina la mtu najua kuliandika.

Mama Yadi alivaa gambuti, yale mabuti ya mpira, mvua inyeshe isinyeshe, na koti la kijani ambalo viraka vilikuwa vingi kuliko koti. Mfukoni alikuwa na brashi ya rangi imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na hiyo brashi hakuna mtu aliyeishika ila yeye. Nitaifikia. Kikombe chake cha chai hakikuwa na mkono. Kiti chake kilikuwa dawati la shule alilolikata mwenyewe na kulikaza kwa waya, na ukikikalia yeye hayupo, akirudi anajua. Sijui alijuaje. Labda alikisikia joto.

Hakutupa kitu. Vipande vya sabuni vilivyobaki alivigandisha pamoja vikawa sabuni nyingine, ya rangi tatu. Kiroba kikichakaa alikifumua uzi mmoja mmoja akasokota kamba. Ukitupa msumari uliopinda mbele yake, anakuita kwa sauti ya yadi nzima.

"Wewe! Okota."

"Mama, umepinda."

"Hata wewe umepinda na mama yako hakukutupa. Okota, nyoosha, lete."

Tulikuwa tunacheka, lakini tuliokota. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kutufundisha, na kusema kweli hatukufundishwa na mtu mwingine yeyote vizuri hivyo. Alikuwa anapita nyuma yako ukiwa unachomelea, anasimama kimya, halafu: "Huu mstari umechomelea wewe au kuku amedonoa?" Ukiurudia anarudi. "Sasa kuku amejifunza." Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kuisikia kinywani mwake.

Zamani, kabla yake, kitu kikiharibika serikalini kilipigwa alama nyekundu, kikaitwa kondemu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa mpaka wakubwa waje wakiangalie. Wakubwa hawakuja. Nyasi ziliota katikati ya vitanda. Wakati huo huo hospitali iko kule juu, wagonjwa wawili wawili kitanda kimoja, na ofisi inaagiza vipya kutoka mbali, na vile vipya navyo mguu unakatika, vinaletwa yadi, vinapigwa nyekundu. Mama Yadi alikuwa anaziangalia hizo nyasi kama mtu anayeangalia wezi wakitoka na ng'ombe wake.

Siku moja alituita, mimi, Ouma na fundi mwenzetu Opiyo, akatuonyesha kitanda kimoja. "Tengenezeni hiki. Chukueni mguu wa kile, springi za kile kingine." Tulipomaliza akamwita Ogutu. Ogutu alikuja na tai yake na viatu vyake vya kung'aa, akisema mambo ya sheria, ati karatasi za tenda zinasema kitanda kiwe kipya, na hiki si kipya, kwa hiyo hata kikiwa kizuri hawezi kukinunua.

"Lala," Mama Yadi akamwambia.

"Mama, nina mkutano."

"Lala, Bwana Ogutu. Unaogopa nini? Kitanda au mimi?"

Akalala. Na tai. Mama Yadi akatuambia sisi watatu tupande juu pia. Nikajikuta niko kifuani kwa mkubwa wa manunuzi, Ouma yuko miguuni, Opiyo amekaa ubavuni anacheka kama fisi. Kitanda hakikulia hata kidogo.

"Kimevunjika?"

"Hapana," Ogutu akasema kutoka chini yangu.

"Basi katika tenda yako toa hilo neno kipya. Andika kibebe mgonjwa. Kikipasuka, aliyekiuza arudishiwe akitengeneze, siyo kuja kunijazia yadi."

Ilichukua muda na kelele nyingi, lakini liliandikwa. Nataka mtu aelewe jambo hili hata kama anamchukia huyu mama kama mimi ninavyomchukia. Mwanamke mmoja wa gambuti alifanya ofisi inunue vya kwake yenyewe. Madawati yalirudi shuleni. Vitanda vilirudi wodini. Na mapipa ya chuma, yale ya rangi na ya thina ya kuzimulia rangi, tukawa tunapewa, tunayakata, tunayatoboa, tunayawekea miguu, yanakuwa mapipa ya taka ya mjini, ofisi inayanunua kwetu. Likitoboka linarudi kwa fundi yule yule. Ofisi ilipoanza kununua, na wengine wakafuata, makanisa, shule za watu binafsi, mahoteli ya kando ya ziwa. Serikali ikigeuza shingo, soko lote linageuka. Obunga tulianza kula nyama siku ambazo si Krismasi.

Aliyeumia ni Were. Mapipa yake ya plastiki yalikuwa yanapasuka jua likiwaka msimu mmoja, na hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake: yapasuke, yanunuliwe mengine. Alikuja yadi mara moja, akasimama getini na gari lake, akamwambia Mama Yadi, "Mama, unataka mji unuke chuma cha kutu?" Mama Yadi akamjibu, "Mji utanuka kutu, siyo wewe." Were hakusahau hilo. Alikuwa rafiki wa Ogutu, walikuwa wanakula samaki pamoja kule ufuoni, na mtu aliyewahi kulaliwa kifuani na mafundi watatu naye hasahau.

Sasa nikwambie kitu kilichonishangaza. Nyumbani kwake, pale mjini, nilienda kurekebisha mlango. Nilitarajia nikute nyumba ya viraka. Nikakuta makochi mapya bado yako ndani ya nailoni, televisheni ambayo haijatolewa karatasi ya kioo, vikombe vya maua. Sufuria nzuri kabisa, imekatika mkono tu, iko kwenye takataka nje.

"Mama, hii naweza kuichomelea sasa hivi."

"Acha."

"Lakini wewe mwenyewe..."

"Kule ni yadi," akasema. "Hapa mimi ni mtu."

Niliona ni maringo. Siku hizi nadhani nilikuwa nimeonyeshwa kitu na sikukielewa. Huyu mama aliipenda ile yadi kuliko alivyopenda kilicho chake, na kitu ambacho mtu anakipenda hivyo, anaweza kukutoa wewe kafara kwa ajili yake.

Pete. Ndiyo kazi ya ile brashi niliyosema nitaifikia.

Mtu yeyote wa kazi yetu anajua pipa lililobeba thina au petroli halikatwi kwa moto wa gasi hivi hivi. Hata likiwa tupu, ule mvuke umebaki ndani, na mvuke ndio unaolipuka, siyo thina yenyewe. Zamani Ouma alikuwa analijaza maji mpaka mdomoni ndipo anakata. Lakini maji Obunga tunanunua kwa mtungi, na kujaza pipa zima kwa kila kazi ni kuimaliza faida kabla hujaianza kazi. Mama Yadi akaweka utaratibu: pipa halitoki getini kabla halijaoshwa. Yadi ilikuwa na lori la maji. Linaoshwa kwa maji moto na magadi, linapinduliwa, linajazwa tena, linamwagwa. Kisha yeye mwenyewe anapiga magoti, anafumba macho, anaingiza pua kwenye tundu la pipa na kunusa. Anakaa hapo kama mtu anasali. Akiridhika anatoa brashi mfukoni na kulizungushia tundu rangi nyeupe. Pete. Pipa la pete unalikata kavu, bila maji, huna wasiwasi.

Na ukishapewa la pete, hunusi. Hiyo haikuandikwa popote lakini ilikuwa sheria kuliko zile za Ogutu. Opiyo ndiye aliyetufundisha kwa ngozi yake. Siku moja alipokea pipa la pete, na kwa mazoea tu akainama akaweka pua. Mama Yadi alikuwa mbali, upande wa vitanda. Alikuja mbio na gambuti.

"Unanusa nini?"

"Nilikuwa tu..."

"Unaninusa mimi? Mimi nimekuja kwako nikakunusa wewe? Nikamnusa mke wako?"

"Mama, samahani, ni mazoea."

"Toka. Toka kwa yadi yangu. Peleka pua yako kwa choo, huko inatafutwa."

Opiyo alifukuzwa, na hakurudishwa. Alirudi kuomba, akapiga magoti kwenye vumbi pale getini, mtu mzima mwenye wajukuu, na Mama Yadi akampita kama anapita jiwe. Opiyo akaenda Muhoroni kuchomelea trela za miwa, kazi ya msimu, msimu ukiisha anarudi mjini hana kitu. Sisi tulimhurumia, lakini kichinichini tulimcheka, na hatukunusa tena. Hata mafundi wapya waliokuja waliambiwa kabla hawajaambiwa choo kiko wapi: la pete halinuswi, utakosa kazi. Ndivyo tulivyozoeshwa. Pua zetu alizichukua akaziweka kwenye mfuko wake na ile brashi.

Ikaja habari ya wageni. Ilisemekana kuna watu wa mazingira wanatoka mbali kuja kuona jinsi mji wa kando ya ziwa unavyonunua takataka zake wenyewe na kuzifanya mali. Mheshimiwa atakuwepo. Mapipa mapya yapangwe kando ya ziwa, njia nzima ambayo wageni watatembea, kabla ya Jumamosi. Mama Yadi alibadilika wiki hiyo. Alinyoa nywele, akapiga pasi lile koti la viraka. Nilimsikia akiimba. Ni kazi yake iliyokuwa inakuja kuangaliwa, si ya Ogutu, na alijua.

Ouma na mimi tulipokea mapipa Alhamisi jioni, yote na pete, rangi bado inashika kidole. Ijumaa asubuhi tulianza. Yale ya kwanza yalikuwa sawa. Baadaye nilijua ni ya molasi ya miwa, na molasi hailipuki, inaleta nyuki tu. Ouma alikuwa anapiga mluzi. Akavuta lingine, akaniambia, "Omera, ndugu yangu, shika hapo lisizunguke," nikashika, akaweka moto.

Sitaeleza sana. Mfuniko wa pipa ulitoka kama sahani iliyorushwa, na Ouma alikuwa mbele yake. Mimi nilikuwa pembeni. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu anayeandika na mtu anayeandikwa.

Mimi niliamka hospitalini. Jicho la kulia limekwenda, mkono huu haukunjiki, na kunusa pia kumekwenda. Chai na maji ya ziwa kwangu ni kitu kimoja. Hiyo ya pua siwaambii watu. Jicho linatosha kwa wenye kupenda kuhurumia. Mama Yadi alikuja mara moja kunitazama. Alisimama miguuni pa kitanda, hakusema pole. Aliinama, akakitikisa kitanda kwa mikono miwili, maana kilikuwa kimoja cha vile tulivyotengeneza sisi, akaangalia miguu yake yote.

"Kimeshika," akasema. Akaenda.

Opiyo ndiye aliyeniletea habari. Siku ya ajali alikuwa mjini, akakimbilia pale kwetu, akayakuta mapipa yaliyobaki. Akainama akanusa, yeye ambaye hakuwa na kazi ya kukosa tena. Yalikuwa yananuka thina mpaka macho yanalia, na ndani makavu, vumbi tupu. Pete nyeupe imezunguka safi. "Hayakuoshwa," akaniambia. "Lori la maji la yadi nimeliona mwenyewe wiki nzima. Liko barabarani linamwagia vumbi ili wageni wasichafue viatu. Ogutu ndiye aliyelituma." Alipotaka kuita watu waje wanuse, lori la Ogutu lilikuwa limefika kuyabeba mapipa, ati kwa ajili ya usalama. Na nani atamsikiliza Opiyo? Mtu aliyefukuzwa yadi, ana kinyongo.

Ogutu alikuja kwenye matanga ya Ouma na shati jeupe, akasimama mbele ya watu, akasema ofisi imechunguza na imesikitika, marehemu alikuwa anavuta sigara akiwa kazini. Ouma! Mtu ambaye mke wake Achieng' alikuwa akikaanga vitunguu, yeye anatoka nje kutafuta pumzi. Achieng' alisimama akapiga kelele, "Sigara gani? Sigara gani, Ogutu?" wanawake wakamkalisha chini. Were alikuwepo pia, nyuma, amekunja mikono.

Wageni nao walikuwa wametembea Jumamosi ile ile, siku moja tu baada ya ajali. Mapipa tuliyokuwa tumemaliza yalipakwa kijani yakapangwa kando ya ziwa. Mheshimiwa alitupa ganda la ndizi ndani ya pipa lililotengenezwa na mkono wa Ouma na watu wakapiga makofi. Kikundi chetu kiliondolewa kwenye kazi kwa uzembe, wakachukua mafundi wengine. Halafu pale kwenye ukuta wa yadi, upande wa barabara, wakaweka kibao kikubwa cha bati: USIVUTE SIGARA KARIBU NA MAPIPA. KUMBUKA AJALI YA OUMA.

Jina lake. Waliandika jina lake. Achieng' anauza omena soko la Kibuye, na hiyo ndiyo njia ya kwenda sokoni. Anazunguka na beseni kichwani, njia ndefu ya nyuma, asikione. Ni miaka sasa. Kila mwaka wanakipaka rangi upya, maana yadi ile haiachi kitu kiharibike.

Nilienda kwa ofisi mpaka walinzi wakanizoea. Ogutu alinipokea mara moja, akanipa soda. "Mzee," akasema, "nani alipaka pete? Ni mimi? Mwenye brashi akija akasema hakuosha, kibao nitakitoa mimi mwenyewe kwa mikono yangu." Alikuwa anajua hatakuja. Alikuwa anakunywa soda yake na kuniangalia lile jicho lisilokuwepo.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwa mtu mmoja. Sikutaka kitu kingine kwake. Sikutaka pole. Nilitaka aende mbele ya ofisi aseme maneno mawili, nilipaka bila kuosha, bati lile lishuke, Achieng' apite njia fupi.

Nilisikia amestaafu, yuko Usenge. Nikaenda mchana, siku ya jua kali. Omena zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu kuukuu kila mahali, nzi wengi, wanawake wanazigeuza kwa mafagio. Kwangu hakukuwa na harufu, ilikuwa kama kuangalia picha. Nilimkuta uani kwake amekaa kwenye kiti cha plastiki, kipya, magoti yamevimba, koti ni lile lile la viraka, gambuti hakuna. Bila gambuti alikuwa mwanamke mfupi.

Nilimpa mkono. Akaugeuza. Akauangalia ule usiokunjika kwa muda mrefu.

"Uso umepona vibaya," akasema.

"Umepona ulivyopona, Mama."

"Keti. Utakunywa chai?"

"Sijaja kwa chai. Nimekuja unipe neno moja. Yale mapipa uliyaosha?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilidhani atanifukuza kama Opiyo. Lakini aliangalia kuku wanaoiba omena, wala hakuwafukuza.

"Maji hayakuwepo," akasema. "Ogutu alilitoa lori. Nilimwambia. Akanionyesha getini. Lori la Were limesimama pale, limejaa plastiki zake mpaka juu, limefungwa kamba. Akaniambia, Mama, jioni mapipa yako yasipokuwa tayari, ninashusha haya, na wageni wataona haya, na sitanunua tena chuma chako mpaka ufe."

"Ukapaka."

"Nikapaka."

"Hata hukunusa?"

Hapo ndipo alipogeuka akaniangalia sawasawa, jicho hili na pale palipokuwa na lingine.

"Mimi sipaki bila kunusa. Nilinusa."

"Na?"

"Yalikuwa yananuka."

Alisema hivyo kama anavyosema mtu bei ya kitu. Mimi nilishika mti wa uzio. Miaka yote hiyo kichwani nilikuwa nimemtengenezea njia ya kutokea, kwamba labda mafua yalimshika, labda alichoka, labda mwingine aliiba brashi. Mtu unamtengenezea njia bila kuambiwa.

"Nilidhani mtaweka maji," akasema. "Mnajua kazi. Zamani mlikuwa mnaweka maji."

"Ulitukataza hata kunusa, Mama."

"Niliwakataza kunusa. Sikuwakataza kuweka maji."

Nikamwambia habari ya kibao. Alikijua. Nikamwambia njia ya Achieng' na beseni lake. Nikamwambia twende Kisumu, mimi na yeye, hata kesho, aseme yale yale aliyoniambia, hata amtaje Ogutu, hata asimtaje, mradi bati lishuke.

"Sitaenda."

"Kwa nini? Umestaafu. Watakufanya nini?"

"Mimi? Hakuna. Lakini nikisema pete ile ilikuwa ya uongo, watasema zote ni za uongo. Wataifunga kazi yote. Ogutu anangoja hiyo tu. Kesho yake utaona plastiki za Were kutoka Kondele mpaka ziwani. Unajua ni watu wangapi wanakula pale sasa? Vitanda, madawati, yote hiyo?"

"Ouma alikuwa anakula pale."

"Ouma amekufa. Hafi mara ya pili kwa sababu ya bati."

Nimeandika alivyosema. Sikuongeza. Na lililo baya zaidi ni kwamba kuhusu Ogutu na Were hakusema uongo.

Nilisimama niende. Akanyanyuka pia, kwa shida, ameshika ukuta, akaniambia ningoje. Nyuma ya nyumba kulikuwa na pipa la chuma, limesuguliwa mpaka linang'aa, limewekewa bomba chini. Tundu lake la juu limezungushiwa pete nyeupe. Rangi mpya.

"Mpelekee mke wa Ouma. La maji. Vijana watakubebea mpaka stendi. Nimeliosha mimi mwenyewe, kwa mikono hii, siyo mara moja."

Niliangalia lile pipa. Nikaangalia pete. Halafu nikapiga magoti pale kwenye vumbi, polepole, mbele yake, nikafumba jicho, nikaingiza pua kwenye tundu. Nilikaa hapo. Hakuna nilichokisikia, pua yangu iliungua siku ile ile ya Ouma. Ningeweza kuwa nimeinamia kaburi au sufuria ya mchuzi, ingekuwa sawa. Lakini yeye hakulijua hilo. Nilisubiri aseme toka. Nilisubiri aniambie nipeleke pua chooni.

Hakusema. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshika koti lake kifuani.

"Vipi?" akauliza. Sijawahi kumsikia akimuuliza mtu yeyote vipi.

"Linanuka, Mama," nikamwambia.

Nikalipita, nikapita na nyavu za omena. Nilipofika kwenye uzio nikageuka. Alikuwa chini, kwenye yale magoti yaliyovimba, mikono miwili imekumbatia pipa, pua ndani ya pete yake mwenyewe, ananusa, anainua kichwa, anarudia tena kunusa.